Jinsi ya kukikwepa kimbunga ukiwa katikati ya bahari: barometa, upepo na saa ya taarifa

Wadau wa baharini, kila msimu wa vimbunga ukifunguka naulizwa swali lilelile na vijana wanaopanda meli kwa mara ya kwanza, eti siku hizi si kuna setilaiti, si taarifa zinaingia zenyewe mpaka kwenye chumba cha usukani, sasa barometa, kile chombo cha kupimia mgandamizo wa hewa, ya nini tena? Jibu langu ni moja. Taarifa inakwambia kimbunga kilikuwa wapi, barometa inakwambia wewe umekaaje na hicho kimbunga sasa hivi. Hivyo ni vitu viwili na ukivichanganya utajikuta unaenda kichwakichwa kwenye jicho la kimbunga huku skrini inakuonyesha njia nyeupe kabisa.

Sio maneno ya kutishana. Meli ya El Faro ilitoka Jacksonville, Marekani, tarehe 29 Septemba 2015 ikielekea San Juan, Puerto Rico, na tarehe 1 Oktoba ikazama karibu na Bahamas kwenye kimbunga Joaquin, watu wote 33 wakapotea. Uchunguzi ulipofanyika ikaonekana moja ya sababu ni kwamba nahodha alikuwa anategemea taarifa za hali ya hewa zilizokwisha pitwa na saa kadhaa, wakati taarifa mpya zaidi zilikuwemo humohumo melini. Kwa hiyo somo la kwanza kabla hata ya kugusa usukani: ukipokea taarifa au chati, angalia saa kwanza, picha baadaye. Sio saa iliyoingia kwenye kompyuta yako, namaanisha saa ambayo kimbunga kilipimwa kuwa pale. Unaweza kudaunlodi faili saa hii, alafu vipimo vilivyomo ni vya jana usiku, na kimbunga kinachotembea noti 12 (yaani maili 12 za baharini kwa saa) ndani ya saa 12 kishasogea maili 144. Andika kwa penseli pembeni ya chati "vipimo vya saa fulani", usiache.

Ujue uko kwenye eneo la vimbunga au la

Hapa nitapita haraka. Vimbunga vya tropiki vinapenda maji ya joto kuanzia nyuzi 26 au 27 hivi za Selsiasi, na vinahitaji msokoto unaotokana na dunia kuzunguka, ndio maana ni nadra sana kuvikuta ndani ya digrii 5 za ikweta. Vikizaliwa kwa kawaida vinaelekea magharibi polepole, noti 10 mpaka 15, alafu vingi vinapinda kuelekea upande wa ncha ya dunia, vikishapinda vinaongeza mwendo mpaka noti 25 na zaidi. Umeona hesabu hiyo? Mwanzoni meli yako ya noti 14 inaweza kushindana nacho, kikishapinda huna mbio za kukishinda, kwa hiyo kama ni kukwepa unakwepa mapema.

Na usikariri kwamba lazima kifuate njia ya kwenye vitabu. Freddy, kimbunga cha 2023, ilivuka Bahari ya Hindi yote kutoka upande wa Australia, ikapiga Madagaska, ikapiga Msumbiji, ikarudi kwenye mlango bahari kuchota nguvu upya, alafu ikaipiga Msumbiji mara ya pili. Tangu tarehe 4 Februari mpaka 14 Machi. Mtu aliyesema "kishapita hicho" aliaibika.

Chora duara lako, alafu lipanue

Taarifa ya kimbunga itakupa kitovu kiko wapi, kinaelekea wapi, na upepo wa noti 34 umefika umbali gani kutoka kitovuni. Noti 34 ndio mwanzo wa nguvu 8 kwa kipimo cha upepo cha Beaufort, na kuanzia hapo bahari inakuwa mbaya kiasi kwamba meli inapoteza uhuru wa kuchagua, huendi unakotaka tena, unaenda unakoruhusiwa. Ndio maana mstari huo tunauheshimu.

Sasa utabiri una makosa yake, kwa hiyo kuna kanuni inaitwa 1-2-3: kwenye nafasi ya utabiri wa saa 24 unaongeza maili 100, wa saa 48 unaongeza 200, wa saa 72 unaongeza 300. Tuseme upepo wa noti 34 umefika maili 120 kutoka kitovuni. Kesho unachora duara la maili 220 kutoka kitovuni, keshokutwa 320, siku ya tatu 420. Unganisha hayo maduara kwa mistari pembeni utapata umbo kama tarumbeta, ndani ya tarumbeta hiyo usiingie. Kuna watu wataona ni uoga, duara la maili 420 linaziba nusu ya bahari, chifu atakwambia tutachelewa bandari. Mwambie achelewe tu. Na usijaribu kupita mbele ya kimbunga ati utawahi kukata kabla hakijafika, huo mchezo ndio umewamaliza wengi, mana injini ikikataa saa moja tu uko katikati ya njia yake.

Bahari inasema kabla ya upepo

Dalili ya kwanza kabisa mara nyingi sio upepo wala mawingu, ni mawimbi marefu yenye mgongo laini, yanakuja kutoka upande ambao hauna upepo wowote, anga safi, meli inaanza kupumua taratibu, inapanda, inashuka. Ukiona hivyo chukua saa yako, hesabu sekunde kutoka mgongo mmoja mpaka mwingine, fanya mara kumi upate wastani. Wimbi la kawaida la upepo wa karibu ni sekunde 6 au 7. Ukipata 14 kaa chonjo.

Hesabu yake iko hivi: sekunde zidisha kwa 3 unapata mwendo wa wimbi lenyewe kwa noti, yaani 14 inakupa noti 42. Ila kundi zima la mawimbi, ile nguvu yenyewe, linasafiri nusu ya hapo, noti 21. Kwa siku moja ni kama maili 500. Kimbunga chenyewe kinajikokota noti 12, kwa hiyo mawimbi yake yanakitangulia mbali sana, na upande yanakotoka ndio upande kilikokuwa yalipoanza safari. Kilikokuwa, sio kilipo. Pima uelekeo huo kila baada ya saa tatu, ukibadilika unajua kinasogea kwenda wapi, usipobadilika kabisa huku mawimbi yanakua, basi kinakujia wewe.

Barometa: saa nne juu, saa kumi chini

Hapa ndio nataka tukae kidogo mana hapa ndio watu wanakosea.

Kwenye tropiki mgandamizo wa hewa unapanda na kushuka wenyewe kila siku hata kama hali ya hewa ni shwari, unafika juu saa nne asubuhi na saa nne usiku, unashuka chini saa kumi alfajiri na saa kumi jioni. Sisi tunaohesabu saa kwa Kiswahili tumependelewa hapo, saa nne juu, saa kumi chini, umemaliza. Tofauti kati ya juu na chini ni kama hektopaskali 3 (ndio kizio cha kupimia mgandamizo). Sasa mtu asiyejua atasoma barometa saa nne asubuhi, atasoma tena saa kumi jioni, ataona imeshuka 3, atapiga kelele bure. Au kinyume chake na hiyo ndio mbaya: barometa imeshuka kweli, yeye anajituliza "aa, si saa kumi hii".

Kwa hiyo huangalii imeshuka kiasi gani tangu asubuhi, unaangalia iko chini kiasi gani kuliko ilivyotakiwa kuwa saa hiyo. Twende na mfano. Uko kusini mwa ikweta, latitudo ya 15, wastani wa mgandamizo wa msimu kwenye kitabu ni 1012. Saa nne asubuhi ilitakiwa isome 1013.5, wewe umepata 1011, pungufu 2.5. Saa saba mchana ilitakiwa iwe kwenye wastani, 1012, wewe umepata 1008, pungufu 4. Saa kumi jioni ilitakiwa 1010.5, umepata 1005, pungufu 5.5.

Kanuni ya mabaharia ni kwamba pungufu ya 3 inakutaka ushtuke, pungufu ya 5 huna haja ya kubishana tena, kimbunga kipo na pengine kiko ndani ya maili 200. Kwenye mfano wetu uliposhtuka ilikuwa kati ya saa nne na saa saba. Aliyesubiri mpaka saa kumi jioni kapoteza mchana mzima, na giza linaingia.

Soma kila saa, andika kila saa, na ukumbuke kurekebisha usomaji kulingana na kimo cha barometa kutoka usawa wa bahari, mana ile iko juu huko kwenye chumba cha usukani na inasoma chini kuliko hali halisi. Kama ni ya sindano igonge kioo kwa ukucha taratibu kabla ya kusoma, sindano huwa inakwama, ukigonga unaiona inaruka kidogo. Kuruka kuelekea wapi nako ni habari.

Upepo: tafuta kitovu kwa mikono yako

Simama utazame upepo unakotoka, ukupige usoni. Ukiwa kizio cha kusini kitovu kiko mkono wako wa kushoto na kidogo nyuma, ukiwa kizio cha kaskazini kiko kulia na kidogo nyuma. Ukiwa kama maili 200 kutoka kitovuni ni digrii 100 mpaka 125 kutoka usoni kwako, ukikaribia zaidi inaelekea 90. Kanuni hii ni ya Mholanzi Buys Ballot, aliitangaza 1857, na mpaka leo haihitaji betri.

Ila onyo. Upepo unaotakiwa ni upepo wa kweli, sio ule unaousikia meli inatembea. Nikiwa kadeti niliwahi kukimbia kwa sekondi, ofisa wa pili wa meli, nikihema, "upepo umegeuka digrii ishirini!", akaniangalia, akaniuliza, "Na sisi tumegeuka ngapi?" Tulikuwa tumebadili njia dakika kumi nyuma na kuongeza mwendo. Upepo wa watu ulikuwa palepale. Tangu siku hiyo ninachora pembetatu ya upepo na mwendo wa meli kwanza ndio nafungua mdomo. Kama huiamini hesabu yako, punguza mwendo kabisa au simamisha meli kwa muda upime vizuri, ukiwa bado uko mbali unao huo muda.

Uko nusu gani?

Kigawe kimbunga mara mbili kwa kufuata mstari wa njia yake. Nusu moja upepo wa kuzunguka na mwendo wa kimbunga chenyewe vinajumlishwa, na zaidi ya hapo upepo unakusukuma kuelekea mbele ya njia yake, na kikipinda kinapindia kwako. Hiyo ndio nusu ya hatari: kaskazini mwa ikweta ni ya kulia, kusini ni ya kushoto, ukiwa umesimama kwenye kitovu unatazama kinakoelekea. Nusu nyingine inaitwa ya nafuu, lakini usidanganyike na jina, nafuu ya kwenye kimbunga sio nafuu ya nyumbani.

Utajuaje uko wapi? Angalia upepo wa kweli unageukia wapi saa hadi saa.

Kizio cha kusini: upepo ukigeuka kinyume na mishale ya saa uko nusu ya hatari. Weka upepo kwenye omo (mbele ya meli) upande wa kushoto, digrii 10 mpaka 45, tia mwendo wote unaowezekana, na kadiri upepo unavyogeuka na wewe pinda kushoto kuufuata. Upepo usipogeuka kabisa, au ukigeuka kufuata mishale ya saa, uko kwenye njia yake au nusu ya nafuu, hapo upepo uweke kwenye tezi (nyuma ya meli) upande wa kushoto, kimbia, na pinda kulia kadiri unavyogeuka.

Kizio cha kaskazini geuza kila kitu kama kwenye kioo: ukigeuka kufuata mishale ya saa ni nusu ya hatari, upepo unakaa omo upande wa kulia na unapinda kulia, usipogeuka au ukigeuka kinyume, unakaa tezi upande wa kulia na unapinda kushoto.

Turudi kwenye mfano wetu. Saa nne asubuhi upepo wa kweli kusini mashariki, saa saba umesogea kati ya kusini mashariki na mashariki, saa kumi ni mashariki kamili. Umegeuka kinyume na mishale ya saa, tuko kusini, basi nusu ya hatari. Ulipokuwa digrii 135, yaani kusini mashariki, ukiuweka digrii 30 kushoto kwa omo, unaelekea 165. Sasa upepo ni 90, unaelekea 120. Na ukitazama upepo wa mashariki, kitovu kiko kushoto na nyuma kidogo, yaani kaskazini na kuelekea magharibi kidogo, wewe unaelekea kusini mashariki. Umeona inavyojipa? Barometa ndio itakuhakikishia, ikiacha kushuka kwa kasi umefanya sawa, ikizidi kuporomoka hesabu zirudie zote usiku huohuo.

Maandalizi, na hapa nisieleweke vibaya

Watu wanaanza kufunga mizigo upepo ukishafika. Ukiona ile pungufu ya 3 ndio muda wa kumwita serahangi, mkuu wa mabaharia wa sitaha, na vijana wake, sitaha bado kavu. Minyororo na mikanda ya kontena ikazwe upya, milango isiyopitisha maji ifungwe, matundu ya hewa yafunikwe, mitaro ya sitaha izibuliwe ili maji yakipanda yashuke. Pita na stoo ya omo, ndoo ya rangi iliyolegea inaweza kuvunja valvu usiku mzima unasikia goma tu huko chini na hakuna wa kwenda.

Matangi ya farumi, yale maji ya kuipa meli uzito ambayo wengi tunaita balasti, yajae au yawe matupu, yasikae nusu, maji yanayocheza ndani ya tangi yanaiba uwezo wa meli kurudi wima. Desemba 1944 meli za kivita za Marekani chini ya Admeri Halsey ziliingia kwenye kimbunga mashariki mwa Ufilipino, manowari tatu ndogo zikapinduka na kama watu 790 wakafa, na kati yake zilikuwemo zilizokuwa na mafuta kidogo na hazijajaza farumi kwa vile zilikuwa zinangojea kupewa mafuta. Zilikuwa nyepesi juu ya bahari nzito.

Alafu ongea na watu wa injini mapema, jamani. El Faro injini yake kuu ilizimika kwa sababu meli ililala upande mmoja, mafuta ya kulainisha yakakimbilia pembeni, pampu ikawa inanyonya hewa. Muulize chifu injinia wako usawa wa mafuta hayo ukoje na meli ikilala digrii ngapi pampu inaanza kukosa, ajibu kabla hujaihitaji hiyo namba.

Ukishanaswa

Punguza mwendo, weka bahari omo kidogo pembeni, usiilazimishe meli kupasua wimbi. Ukienda mrama (meli kulala huku na huku) kupita kiasi ghafla wakati mawimbi yanakuja mbele moja kwa moja, na urefu wa wimbi unakaribiana na urefu wa meli, huenda ni ule mrama unaojikuza wenyewe, unatoka digrii 5 mpaka 30 ndani ya mizunguko michache, meli ya kontena APL China ilikutwa na hali ya namna hiyo Pasifiki ya kaskazini Oktoba 1998 na kontena nyingi zikaenda na maji. Dawa ni kubadili mwendo au uelekeo mara moja, sio kusubiri itulie.

Ukiwa unakimbia mawimbi yakiwa nyuma, hatari ni wimbi kuibeba meli kama ubao, usukani unakosa nguvu, meli inageuka kukaa ubavu. Kwa meli ya mita 100 kuanzia noti 18 hivi na bahari ikiwa nyuma kabisa uko kwenye eneo hilo, teremka chini ya hapo.

Na upepo ukikatika ghafla, anga likafunguka ukaona nyota huku bahari inaruka kila upande bila mpangilio, usimruhusu mtu yeyote kutoka ndani kwenda sitahani. Hilo ndio jicho, upepo utarudi kutoka upande wa pili na hautapiga hodi.

Kitu cha mwisho ambacho wengi wanasahau wakiwa wamechoka: toa taarifa. Kwa sheria za SOLAS, mkataba wa kimataifa wa usalama wa baharini, nahodha aliyekutana na kimbunga lazima awajulishe wengine kwa njia yoyote aliyonayo. Tuma saa kwa UTC (saa ya dunia nzima), nafasi ya meli, barometa na inavyobadilika, upepo wa kweli na nguvu yake, mawimbi yanatoka wapi na sekunde ngapi, njia na mwendo wako. Alafu endelea kutuma kila saa ikiwezekana, isizidi saa tatu, mpaka utoke, mana kuna meli nyingine nyuma yako inasoma chati ya jana.